Mafuta Yasiyolewesha

Niliapa mbele ya wazee wa kanisa, mkono juu ya Biblia, kwamba mafuta yale hayaleweshi. Nilisema kweli. Hata leo nikiulizwa nitasema hivyo hivyo, ingawa hapa Dzaleka, kambini kwetu sisi wakimbizi wa Malawi, hakuna anayeniuliza tena, kwa sababu wameshanijibia wenyewe.

Mimi ni mshonaji. Nilianzia Bukavu, na hapa kambini nimeshona miaka ishirini na moja kwenye cherehani ya miguu, kibarazani kwangu. Sare za kwaya yetu ya akina mama, kitenge cha bluu chenye kola nyeupe, zote zimepita mikononi mwangu, na ndani ya sare hiyo mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Ukiniuliza nilitoka na nini nyumbani, nitakujibu sauti na vidole. Sasa vidole vikaanza kugoma. Naamka asubuhi viungo vimevimba, siwezi kufunga kifungo cha blauzi yangu mwenyewe, sembuse kutunga uzi kwenye sindano. Zahanati wakanipa vidonge, vikanichoma tumbo. Wakaniandikia ruhusa ya kwenda hospitali Lilongwe, na huko nikapewa vidonge vilevile, ila vya rangi nyingine.

Siku hiyo nilipitia Old Town kununua nyuzi, kisha nikaingia kwenye duka la dawa kutafuta cha kutuliza tumbo. Muuzaji alikuwa mama wa Kimalawi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliniona nafungua zipu ya mkoba kwa meno. Akaniuliza mikono ina nini, nikamweleza kwa Kichewa changu cha sokoni. Akainama chini ya kaunta akaja na kachupa ka kahawia kenye kifuniko cha kudondoshea matone, na kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya jani.

Jani lile nalijua. Hakuna mtu anayeishi Malawi asiyelijua jani la chamba, yaani bangi. Niliirudisha chupa kwenye kaunta haraka, kana kwamba mchungaji wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Yule mama alicheka mpaka miwani ikatikisika. Kisha akaacha kucheka, akanieleza polepole, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu wengi wenye elimu wakishacheka huishia hapo. Alisema ndani ya mmea ule kuna vitu vingi. Kuna kimoja kinachopanda kichwani, ndicho wavutaji wanachokitafuta, kinaitwa THC. Kuna kingine kinaitwa CBD, na hicho hakimleweshi mtu. Waliotengeneza mafuta yale walichukua cha pili wakakiacha cha kwanza, na alikuwa na karatasi ya maabara iliyokuja na mzigo kuthibitisha hivyo. Hakuniahidi muujiza. Alisema wengine yanawasaidia na wengine hayawafanyi lolote, na yanaweza kuniletea usingizi na mdomo mkavu. Akataka nimwonyeshe vidonge vyangu vingine kwanza, akavisoma kimoja kimoja. Mwisho akasema nisije nikanunua kitu kama hiki kwa mtu wa njiani, maana chupa ni chupa tu, na ndani yake mtu anaweza kuweka chochote.

Matone matatu chini ya ulimi asubuhi, matatu jioni. Wiki ya kwanza nilijichunguza kama mwizi anavyochunguzwa. Nilikariri zaburi kichwani huku nashona, nione kama maneno yatapotea. Nilihesabu vitanzi vya kola. Hakuna kilichopotea. Wiki ya tatu nikatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza bila kumwomba jirani. Sijui kama yalikuwa mafuta, au Mungu, au joto lililokuwa limeanza, na sikujali ni nani kati yao. Nililia pale kwenye cherehani kwa furaha.

Sisi wa kambini hatutoki ovyo kwenda mjini, mpaka ruhusa. Lakini nina mdogo wangu wa kike, tumbo moja, anaishi Area 36 kule Lilongwe na watoto wake wawili na anauza mitumba, ile ambayo Wamalawi wanaiita kaunjika. Nilimlea mimi. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa hajaota meno ya mbele, na siku tuliyokimbia nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukafa ganzi. Ananiita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wetu. Basi kila chupa ilipoisha nilimpa ile tupu, ili aionyeshe dukani wasimpe kitu kingine, naye akija kambini Jumapili kusali na sisi aniletee mpya.

Siri haikai kwenye kibaraza cha mshonaji. Mteja mmoja alikuja kupimwa nguo, akaiona chupa kando ya mkasi, akaliona na jani. Kufika Alhamisi kambi yote ilikuwa inajua kwamba mama wa chorale, mwanzisha nyimbo wa kwaya, anakunywa chamba. Wazee wakaniita.

Tulikaa katika chumba nyuma ya kanisa, mchungaji na wazee watano, chupa iko mezani katikati yetu.

"Maman," mchungaji akaanza kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, "bantu banasema hii njo chamba."

"Hapana, pasteur. Iko dawa. Haileweshi."

"Lakini jani iko hapa."

Nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Niliona haiingii. Zile herufi za maabara ziliwapita juu ya vichwa, na sikuwalaumu, hata mimi nilizishika kwa shida. Ndipo nikajiona mjanja. Nikawaambia wafikirie ndizi. Nyumbani kwetu ndizi ileile moja mtoto anamenyewa anakula, anashiba, anacheza. Ukiikamua ukaiacha ichachuke inakuwa pombe ya kasiksi, na mwanamume mzima analala mtaroni. Je, mtoto aliyekula ndizi amelewa? Wazee wakaanza kutikisa vichwa. Hiyo waliielewa. Baadaye nyumbani nilijisifu kwa mfano ule, na nilimsimulia mdogo wangu mara mbili.

Lakini palepale chumbani mzee mmoja Mrundi, mwenye goti bovu, hakuridhika na maneno. Alisema, "Leteni, mi nionje." Akadondoshewa matone matatu. Basi wanaume watano na mimi tukakaa saa nzima tunamtazama mzee mmoja tuone kama atalewa. Walimwamuru asimame kwa mguu mmoja, akakumbusha kwamba goti lake halikuwa likiweza hilo hata kabla ya mafuta. Wakamwambia ataje wana wa Yakobo. Akataja kumi na mmoja, lakini yule wa kumi na mbili humsahau hata akiwa mimbarani. Mwishoni akatangaza kwamba hasikii kitu chochote isipokuwa njaa. Wote wakamkodolea macho, halafu tukaangua kicheko, kwa sababu ilikuwa saa nane na hakuna aliyekuwa amekula.

Ndipo nikaweka mkono juu ya Biblia. Hakuna aliyeniomba, ni kiherehere changu mwenyewe. Nikaapa kwamba mafuta haya hayaleweshi, na siku yakinilewesha wanivue sare ya kwaya.

Miezi minne ilipita kwa amani. Baada ya ibada mzee wa goti alikuwa akinipungia mkono na kuniuliza habari za "ndizi yetu". Hata waliokuwa wakininong'ona walianza kuja kuuliza kama mafuta yangefaa kiuno, kama yangefaa mgongo, na mimi nikawa nawaeleza, najifanya daktari, nawaambia jambo la kwanza ni kwamba hayamleweshi mtu.

Halafu chupa ya tano ikachelewa. Mdogo wangu alisema dukani hayapo, nisubiri. Vidole vikarudi kuvimba. Jumapili ya pili akaja nayo asubuhi kabla ya ibada, ameifunga kwenye leso, ananikabidhi huku anatabasamu. Ilikuwa chupa yangu ileile yenye jani. Kifuniko kilifunguka bila pete yake kukatika, kama kilichokwisha kufunguliwa, na mafuta yalikuwa ya kijani zaidi. Niliyaona yote mawili. Nikaona pia mkono ulionipa, na mkono huo niliufundisha kushika kijiko. Kwa kuwa maumivu yalikuwa makali niliweka matone sita badala ya matatu, nikavaa sare, tukaenda.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Tuliimba wimbo wa kwanza vizuri. Wakati wa matoleo nikaanza kusikia ngoma ikipiga ndani ya meno yangu. Mchungaji akaniashiria nianzishe wimbo wa kuabudu, nikaanzisha, na ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri kiasi kwamba sikuona sababu ya kwenda wa pili. Niliuimba ubeti uleule mara saba, au ishirini, sijui. Machozi yalikuwa yananitoka, kisha nikacheka. Nikakaa chini kando ya ngoma.

Kanisa letu si la watu wanaokaa kimya. Ukianguka ukilia na kucheka, jambo la kwanza linalokuja akilini mwa mtu ni Roho. Vigelegele vikapanda hadi kwenye mabati. Akina mama walinivua viatu, wakanitandikia kitenge, wakaanza kuja mmoja mmoja kuinamisha vichwa ili niwawekee mikono. Niliwawekea. Ee Mungu nisamehe, niliwawekea wote, na mmoja nilimshika sikio kwa muda mrefu kwa sababu lilinipendeza.

Mchungaji naye akaja akapiga magoti mbele yangu. Nikatazama chini nikaona viatu vyake vyeusi, ncha zimepasuka kidogo.

"Pasteur," nikamwambia kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, "viatu yako iko inacheka."

Halafu mama mmoja wa safu ya mbele akapiga kelele: "Safari! Mungu anasema safari!"

Asiyeishi kambini hawezi kujua neno hilo lina uzito gani. Kila mmoja wetu ana dossier yake, faili la ukimbizi, mahali fulani, anasubiri kuitwa kwenda nchi ya mbali, na dossier ya mchungaji ilikuwa imelala miaka mingi. Sasa viatu vyake vimecheka. Mke wake alianguka akilia. Watu wakambeba juu mabegani, wakazunguka naye kanisa lote wakiimba, na mimi nikiwa chini pale nikawa naimba nao, ule ubeti wa kwanza.

Nilizinduka vizuri jioni, nyumbani, ulimi kama kitambaa, moyo unadunda. Nilijua. Ulevi hauhitaji kufundishwa kuutambua. Nikaichukua chupa nikainusa, ikanuka mafuta ya kupikia na majani mabichi. Nikampigia simu mdogo wangu.

Hakuficha. Alicheka hata, kama mtu aliyekamatwa na kosa la kitoto.

"Yaya, ku duka ilikuwa imeisha kabisa, na mi nilikuwa naona we iko nateseka. Jirani yangu anapikaka majani mu mafuta juu ya miguu ya nkambo wake muzee. Njo nikamwomba kidogo. Si iko mti moja? We mwenyewe ulisema ndizi iko moja!"

Niliketi kitandani na simu sikioni. Mfano wangu niliojisifia alikuwa ameushika kwa upande wake wa pili. Mimi nilisema ndizi moja ili watu waone tofauti, yeye akasikia ndizi moja akaona hakuna tofauti. Kosa hilo la kwanza nilimsamehe palepale kwenye simu. Lilikuwa na upendo ndani yake, na nusu yake lilikuwa langu.

Ningeweza kunyamaza. Kanisa lilikuwa limefurahi, mchungaji alikuwa anatembea kama kijana. Jumatatu watu walikuja kunishika mkono. Lakini mke wa mchungaji alikuwa ameanza kugawa vyombo vyake vya jikoni, na jirani yake tayari alikuwa na sufuria. Sikuweza. Jumanne asubuhi nilikwenda nikamwambia mchungaji kwamba haikuwa Roho. Nilimwambia mafuta yaliyokuwa ndani ya chupa hayakuwa yangu, yalipikwa na mtu asiyejua, na kwamba CBD yenyewe bado haileweshi. Hilo la mwisho hata hakulisikia. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Wazee wakaniita tena kwenye kile chumba. Safari hii hakuna aliyecheka. Walikuwa wamepiga vigelegele kwa ajili ya chamba, na hakuna kitu kinachomkasirisha mtu kama furaha yake kugeuzwa aibu. Nilisema, mpigieni mdogo wangu, yeye ndiye aliyeijaza, atawaeleza. Nilisema kwa ujasiri kabisa. Mchungaji akapiga, akaweka sauti ya nje, simu mezani.

"Maman, ile mafuta ulimletea yaya yako, ulitoa wapi?"

Nilisikia watoto wake wakicheza nyuma.

"Mi nilinunua ku duka, pasteur, sawa siku zote," akasema mdogo wangu. "Kama iko na kitu ingine ndani, muulize yaya mwenyewe."

Nilisikia sentensi ya pili vizuri kuliko ya kwanza. Kunikana ni jambo moja. Lakini kunielekezea kidole, mtoto niliyemtafunia viazi nikamtia mdomoni, hilo lilinikata pumzi. Wazee waliona mwanamke aliyekosa la kusema, na kwao hiyo ikawa ungamo tosha.

Niliwekwa chini ya nidhamu miezi mitatu. Kwetu maana yake unavua sare, huikaribii meza ya Bwana, na unakaa banc ya nyuma, benchi lililo karibu na mlango, kila anayeingia akuone kwanza. Nilizishona zile sare, sasa nilikuwa nazitazama migongo. Nyimbo zangu alipewa mwingine, anazianzisha juu mno, wenzake wanabaki wanamfukuza. Mzee wa goti alipachikwa jina la Mzee Matone na akaacha kunisalimia. Na mafuta? Kambi nzima sasa ilikuwa na uhakika. Kila mtu alijua kwamba CBD inalewesha, kwa sababu kila mtu aliniona nimelewa. Mama mmoja alitupa hata mafuta yake ya mkalitusi, kisa chupa ilikuwa na picha ya jani.

Nikaomba ruhusa ya hospitali, nikaenda Lilongwe. Kwanza Old Town. Yule mama wa duka la dawa aliifungua chupa, akainusa, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

Haya si yangu, akasema kwa Kichewa, na alikuwa amekasirika. Akaniuliza kama nilifungua kifuniko chenye pete nzima. Nikasema hapana. Akaniuliza kwa nini basi nilikunywa. Nikamwambia aliyeniletea ni mdogo wangu. Alinitazama juu ya miwani. Aliniandikia barua ya kueleza tofauti, akagonga muhuri, na baadaye nilipoipeleka kwa wazee waliisoma, wakaona neno chamba limeandikwa mara tatu na muhuri chini, wakasema kumbe hata muuzaji anakiri.

Kutoka pale nilikwenda Area 36. Mdogo wangu alikuwa anakunja suruali za mtumba chumbani kwake. Aliponiona alianza kulia kabla sijaketi.

"Yaya, minaogopa," akasema. "Niko naishi huku bila ruhusa. Nikisema ile ku simu, kesho kambi yote inajua, kesho kutwa polisi iko ku mlango. Chamba, yaya! Batanifunga. Batoto bangu batabaki na nani?"

Hofu yake naijua, hata mimi nalala nayo. Sisi hatuna nchi ya kujitetea ndani yake. Nilimwambia namwelewa, na ilikuwa kweli. Nilimwambia pia kwamba nina hasira naye, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Sikumtaka amtaje jirani, wala neno chamba. Nilimtaka aseme maneno matatu tu, kwamba yaya yangu hakujua. Kwa sababu bila hayo narudishwa kwaya kama mlevi aliyetubu, na neno langu halina thamani tena mahali popote, na mimi sina kitu kingine hapa duniani ila neno langu na ule wimbo.

Kwetu siku ya kurudishwa, mtu wa familia husimama kwanza. Anaeleza kanisa kilichotokea, kisha aliyekuwa chini ya nidhamu anapiga magoti na kujibu. Familia yangu yote hapa Malawi ni yeye na watoto wake.

"Siku ile nitasimama mi mwenyewe," akasema. Alinishika mikono yote miwili. "Nitasema mara moja mbele ya bote, yaishe. Nakuahidi, yaya. We hukujua, nitasema."

Nilirudi Dzaleka nimechangamka. Nikamwambia mchungaji kwamba mimi sitasema nilitumia chamba kwa kujua, kwa sababu sikujua. Asubiri familia yangu iseme. Akakubali, akasema neno la familia litamaliza mambo. Wiki zile zilizobaki nilikaa banc ya nyuma bila aibu. Nilikuwa nafikiria nyuso za wazee watakaposikia. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyosimama baadaye niwaeleze upya habari za mafuta, bila ndizi safari hii.

Jumapili ikafika. Mdogo wangu alikuja mapema, amevaa kitenge cha njano nilichomshonea, watoto wameoga wanang'aa. Alinikumbatia mlangoni. Kanisa lilijaa, maana mtu akirudishwa watu huja, hasa wale wasiokuja siku nyingine. Mchungaji akaniita mbele. Mama mmoja wa kwaya alisimama kando ameshika sare yangu imekunjwa. Nikapiga magoti.

"Familia iseme," mchungaji akasema.

Mdogo wangu akasimama. Nilimsikia akivuta pumzi, na mimi nikavuta pamoja naye.

"Kanisa, Bwana asifiwe. Huyu yaya njo alinilea, bote munajua. Nilikuwa mutoto, akanibeba." Nikamtazama, naye akanitazama, halafu macho yake yakaenda kwa watoto wake, yakaenda mlangoni, yakarudi chini. "Shetani alimudanganya na ile mafuta. Alikosa. Lakini yaya ni yaya. Sisi familia tumemusamehe."

Vigelegele vikapasuka. Watu walimshika mabega, wakampongeza kwa moyo wake. Mzee wa goti alikuwa anafuta machozi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye saruji, na nilitamani kusimama nimkamate kitenge chake mbele ya watu wote nimwambie aseme tena, aseme huku ananitazama. Niliwatazama watoto wake wawili, wamekaa na soksi nyeupe, wanapiga makofi kwa sababu wengine wanapiga. Wakubwa wa kutosha kujua polisi ni nini.

Mchungaji akanyamazisha watu kwa mkono. Aliyesamehewa lazima ajibu, na jibu ni moja, tangu kanisa lianze, halibadilishwi hata neno. Akainama karibu yangu kwa upole.

"Maman, jibu familia yako."

Kanisa lote lilikuwa linasubiri. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho.

"Asante kwa kunisamehe, mdogo wangu," nikasema, na wote wakaitikia amina.